Mrejesho: Taasisi Inapoambiwa Jinsi Inavyofanya Kazi

Mwishoni mwa kila muhula wanafunzi hupewa fomu ya tathmini ya mhadhiri. Huijaza kwa haraka, mara nyingi wakiwa wamesimama, kisha mmoja wao huzikusanya na kuzipeleka ofisini. Baada ya hapo fomu zile huwa kama barua iliyotumwa kwa mtu aliyehama. Ni wanafunzi wachache wanaoweza kusema ni kitu gani kilibadilika kwa sababu ya fomu za mwaka uliopita, na wahadhiri wanaoweza kusema hivyo nao si wengi. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini hali huwa hivyo, si katika vyuo tu bali katika taasisi za kila aina. Taasisi hufanya nini inapoambiwa jinsi inavyofanya kazi? Na ni nini kinachofanya taarifa moja ibadili mambo ilhali nyingine, iliyo sahihi vilevile, inaishia kabatini?

Kwa kuwa tunaongea na walimu na wanafunzi wa Kiswahili, si vibaya kuanza na neno lenyewe. Mrejesho ni nomino iliyonyambuliwa kutoka kitenzi rejesha, ambacho nacho ni kauli ya kutendesha ya rejea. Muundo wake ni uleule wa mchezo (cheza), msemo (sema) na mtazamo (tazama). Kurejesha ni kukirudisha kitu kule kilikotoka. Kwa hiyo, tukilichukua neno kwa uzito wake, mrejesho unadai safari mbili: kazi imetoka ofisini ikamfikia mwananchi, na habari za kazi hiyo zimetoka kwa mwananchi zikarudi ofisini. Habari hizo zikikomea njiani, hapajawa na mrejesho hata kama fomu zimejazwa kwa maelfu.

Ofisi zetu, hata hivyo, hupenda zaidi maneno mengine mawili: maoni na malalamiko. Tofauti yake si ya msamiati peke yake. Anayeleta malalamiko huonekana kuwa mtu mwenye shida, na kazi ya ofisi inakuwa kumtuliza. Anayeleta maoni hushukuriwa na kuambiwa kwamba maoni yake yamepokelewa, kwa maana kila mtu ana maoni yake na hakuna anayelazimika kuyafuata. Ndiyo maana, nadhani, tuna sanduku la maoni katika kila ukumbi wa ofisi Afrika Mashariki, limetundikwa ukutani na kufuli yake, na ufunguo mara nyingi uko kwa mkuu wa ofisi ileile inayotolewa maoni. Mtu akiandika kwamba karani wa dirisha la pili anaomba chai, barua yake itafunguliwa na bosi wa karani huyo, kama itafunguliwa.

Hata sisi watu wa Kiswahili tuna mfano wetu wa zamani. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa na mamlaka makubwa: ilipitisha vitabu vya shule, ikasimamia tahajia, na kamusi zake zikachapishwa mwaka 1939. Ilikuwa pia na jarida ambamo mambo ya lugha yalijadiliwa. Lakini wajumbe wake walikuwa maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari, na ni mwaka 1946 tu ambapo Waafrika walianza kuketi katika Kamati hiyo. Kwa miaka 16 waliokuwa wakiisahihisha Kamati ndani ya kikao walikuwa ni wenzao wa aina moja. Mswahili wa Mombasa au wa Unguja aliyeona kwamba kitabu cha shule kimeandikwa kwa lugha ngeni kwake hakuwa na kiti cha kusemea. Baadaye ofisi ya Kamati ilihamishiwa Makerere, ikakaa pale miaka ya 1952 hadi 1962, na Shaaban Robert akawa mmoja wa wajumbe. Kwa wakati huo, hata hivyo, misingi ya usanifishaji ilikuwa imekwisha kumwagwa.

Fedha za shule za msingi

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua unatoka hapa Uganda, na unahusu fedha za watoto wa shule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliongeza matumizi yake katika elimu ya msingi, lakini takwimu rasmi zilionyesha kwamba idadi ya wanafunzi ilikuwa imesimama palepale. Ama fedha hazikuwa na faida, ama hazikufika. Mwaka 1996, kwa msaada wa wataalamu wa Benki ya Dunia, ukafanyika utafiti wa aina isiyokuwa ya kawaida wakati ule. Badala ya kuuliza Kampala ni kiasi gani kilitumwa na kuridhika na jibu, watafiti walikwenda kwenye shule 250 hivi wakafungua madaftari ya shule zenyewe, wakaangalia ni kiasi gani kilipokelewa kati ya mwaka 1991 na 1995.

Walikuta mambo mawili. La kwanza halisimuliwi mara nyingi, nami ningependa tulitazame: wanafunzi hawakuwa wamesimama palepale hata kidogo. Idadi yao ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 60 hivi. Takwimu rasmi ndizo zilizokuwa na kasoro. Taasisi isiyosikia kutoka chini hukosa habari za makosa yake, na hukosa hata habari za mafanikio yake.

La pili ndilo lililotikisa. Serikali ilikuwa na ruzuku maalumu kwa kila mwanafunzi, mbali na mishahara ya walimu, ya kununulia vitabu, chaki na mahitaji mengine ya shule. Kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata shilingi moja. Fedha zilitoka hazina, zikaingia ofisi za wilaya, na humo zikapata kazi nyingine.

Iliwezekanaje jambo hilo kwenda miaka mitano bila kelele? Jibu linasaidia kuelewa kila kitu kinachofuata. Wazazi wa wakati ule walizoea kugharamia shule kwa michango yao wenyewe, na wengi hawakujua kwamba kuna ruzuku yoyote. Walimu wakuu wengi nao hawakujua kiasi wanachostahili kupata wala tarehe ya kukipata. Ritva Reinikka na Jakob Svensson, wanauchumi waliochambua takwimu za utafiti huo, waligundua kwamba shule zilizokuwa katika jamii zenye uwezo zilipata zaidi, kwa sababu zilikuwa na nguvu ya kwenda wilayani kudai. Na mishahara je? Mishahara ya walimu ilivuja kidogo sana ikilinganishwa na ruzuku. Ofisi ni zilezile, maofisa ni walewale. Lakini mwalimu anaujua mshahara wake hadi senti ya mwisho, na usipofika mwisho wa mwezi, kesho yake asubuhi yuko mlangoni pa ofisi. Chaki haina mtu wa kuamka asubuhi kwa ajili yake.

Sasa fikiria wewe ndiwe serikali na ripoti hiyo imewekwa mezani. Njia za kuikwepa ni nyingi na kila mtu aliyewahi kukaa katika kamati anazijua. Unaweza kusema shule 250 ni chache. Unaweza kusema madaftari ya walimu wakuu si ya kuaminika. Unaweza kuunda kamati ya kuichunguza ripoti. Unaweza kumhamisha ofisa mmoja kwenda wilaya nyingine na kutangaza kwamba hatua zimechukuliwa. Sisemi haya kwa dhihaka, maana mtu mmojammoja anapokosolewa hufanya hivyohivyo. Mwaka 1996 huohuo, wanasaikolojia Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, na wakaonyesha kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapitia, kumpa mtu habari za utendaji wake kulimfanya afanye vibaya zaidi. Maelezo yao ni kwamba mrejesho ukimfanya mtu ajifikirie yeye badala ya kuifikiria kazi, nguvu zake huenda kwenye kujilinda. Na taasisi, ambayo ina jina, bajeti na wakubwa wa kulinda, ina mengi zaidi ya kujilindia.

Serikali ya Uganda haikufanya hivyo. Ilianza kutangaza, katika magazeti na redio, kiasi cha fedha kilichotumwa kwa kila wilaya kila mwezi. Kisha shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi zilichopokea, mahali ambapo mzazi anaweza kukisoma. Utafiti uliporudiwa kuangalia hali ya mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika shuleni.

Kutoka 13 hadi zaidi ya 80. Habari hiyo ilienea duniani kote, na mara nyingi ilisimuliwa kama hadithi ya magazeti kuushinda wizi. Reinikka na Svensson walikuwa na ushahidi wa kuiunga mkono: walipima umbali kutoka shule hadi mahali magazeti yanapouzwa, wakakuta kwamba walimu wakuu waliokuwa karibu walijua zaidi kuhusu ruzuku na taratibu zake, na shule zao zilipata sehemu kubwa zaidi ya haki yao.

Lakini mwaka 2007 mtafiti Paul Hubbard aliandika kuonya kwamba hadithi hiyo imerahisishwa mno. Kati ya 1996 na 2001 yalitokea mengi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulianza mwaka 1997; ada zikafutwa, na wanafunzi wakaruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Ruzuku, ambayo zamani ilikuwa kitu kidogo kisichojulikana, ikawa ahadi kubwa ya kisiasa. Taratibu za kupeleka fedha wilayani zikabadilishwa, na wafadhili wakawa wanaangalia kwa karibu. Magazeti yalikuwa sehemu moja ya mabadiliko, wala hayakuwa mabadiliko yote.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki. Magazeti bila UPE yangetangaza fedha ambazo hakuna mzazi aliyeona haja ya kuzifuatilia. UPE bila magazeti ingepeleka fedha nyingi zaidi katika njia ileile yenye matundu. Ningeongeza jambo moja ambalo huonekana dogo. Ripoti ya mwaka 1996 ilifika katika serikali kuu, nayo lawama ilizielekea wilaya. Taasisi hupokea kwa moyo mweupe mrejesho unaomlaumu jirani. Sidhani kwamba hilo linapunguza thamani ya kilichofanyika, ila linatusaidia kuelewa kwa nini kilifanyika upesi. Ingekuwa fedha zimepotelea wizarani, huenda matangazo yangechelewa kidogo.

Lililo la maana zaidi ni kwamba habari hazikurudishwa kwa ofisi iliyokosea peke yake. Zilipelekwa kwa mtu mwenye sababu ya kuamka asubuhi. Ruzuku ilipobandikwa ubaoni ikawa kama mshahara wa mwalimu: kiasi kinajulikana, na kuna wa kukidai.

Vituo vya afya, na lugha ya kadi

Miaka michache baadaye Svensson na Martina Björkman walijaribu wazo hilohilo katika afya. Walichagua vituo vya afya 50 katika wilaya 9 za Uganda. Kwanza walikusanya habari kutoka vituo vyenyewe na kutoka kaya zinazovitumia: wagonjwa wanasubiri muda gani, wahudumu wanakuwapo siku ngapi, watoto wangapi wamechanjwa. Kwa nusu ya vituo hivyo, matokeo yaliandikwa katika kadi ya ripoti inayokilinganisha kituo na vingine, kisha ikaitishwa mikutano. Wanakijiji walikaa peke yao, wahudumu wakakaa peke yao, halafu wote wakakutana na kukubaliana mambo ya kubadilisha na jinsi ya kuyafuatilia. Hakuna fedha wala dawa za ziada zilizotolewa.

Mwalimu wa lugha atavutiwa na jambo moja katika maandalizi hayo. Kadi zilitafsiriwa katika lugha kuu inayozungumzwa mahali husika, na kwa wasiojua kusoma vikaandaliwa vielelezo vya picha vilivyochorwa na msanii wa hapa nchini. Tuache kuliona hilo kama pambo. Ripoti ya Kiingereza kuhusu kituo cha afya kijijini inaweza kuwa sahihi kwa kila nukta na bado isiwe mrejesho, kwa kuwa waliopimiwa huduma hawawezi kuishika mkononi na kubishana nayo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalishangaza wengi. Baada ya mwaka mmoja vituo vyenye kadi vilikuwa na utoro mdogo wa wahudumu na foleni fupi. Wagonjwa wa kutwa waliongezeka kwa asilimia 20 hivi. Na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko katika maeneo ambayo hayakupata kadi. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna watoto walioishi kwa sababu muuguzi alikuwapo kazini siku walipoletwa.

Watafiti hao, wakiwa na mwenzao Damien de Walque, walichapisha mwaka 2017 sehemu ya pili ya kazi hiyo, nayo kwangu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Katika kundi jingine la vituo waliitisha mikutano ileile, lakini bila kadi. Watu walikutana, wakaongea, wakaandika mpango. Hali haikubadilika. Walipoiangalia mipango yenyewe waliona tofauti: waliokuwa na kadi walichagua mambo ambayo kituo chenyewe kingeweza kuyarekebisha, kama vile muda wa kufungua na utaratibu wa foleni. Wasiokuwa na kadi walichagua mambo ya kuomba kwa wengine: majengo, dawa zaidi, wahudumu zaidi. Pasipo habari mahususi, mkutano hugeuka kuwa orodha ya maombi kwa serikali, na kila mmoja hurudi nyumbani akiwa amekubaliana na mwenzake kwamba mwenye kosa hayupo.

Hapo ndipo ningependa kuishia kama ningekuwa nauza dawa. Lakini kati ya mwaka 2014 na 2016 watafiti wengine, Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson, walifanya jaribio lililofanana na la kwanza kwa ukubwa zaidi: vituo 376 katika wilaya 16 za Uganda. Ubora wa matibabu ulipanda kwa kiasi, na wagonjwa waliridhika zaidi kidogo. Matumizi ya vituo hayakuongezeka, na vifo vya watoto havikupungua kutokana na mpango huo. Miaka kumi ilikuwa imepita, hali ya afya ya watoto nchini ilikuwa imekwisha kuwa nzuri kuliko mwaka 2004, na huenda yale marekebisho mepesi yalikuwa yameshafanyika. Huenda pia muuguzi akikosa dawa, hata jamii yenye kadi nzuri haiwezi kumpa. Mrejesho unaweza kumfanya mtu afanye alichokuwa na uwezo wa kukifanya. Haumpi uwezo ambao hana.

Baraza la benchi na baraza la meza kuu

Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilianzisha mikutano ya hadhara ambapo maofisa wa wilaya na kaunti ndogo huwaeleza wananchi fedha zilizopokelewa na kazi zilizofanyika, kisha wananchi wakauliza maswali. Mpango huo ukasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na jina lililochaguliwa ni Baraza. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambayo lugha hii imekuwa ikishukiwa kwa muda mrefu hatuna budi kutabasamu: lilipotafutwa neno la mwananchi kumhoji mtumishi wake, lilipatikana katika Kiswahili.

Baraza la asili, kama linavyoonekana bado Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni benchi la mawe mbele ya nyumba. Apitaye husalimu, akitaka huketi. Habari za mtaa hupimwa hapo bila ajenda, na mwenye nyumba huyasikia yanayosemwa kuhusu nyumba yake, apende asipende. Baraza la serikali lina meza kuu, kipaza sauti na ratiba. Yote mawili ni mabaraza, lakini ni rahisi kusahau jinsi maneno yanavyopungua mtu anapopewa kipaza sauti mbele ya ofisa ambaye kesho atamfuata akiomba sahihi. Benchi lina faida ambayo meza kuu haina: anayesema hajulikani kuwa ndiye aliyesema, maana walisema wote.

Walimu tunalijua tatizo jingine la kupimwa, nalo sitalirefusha. Shule inayopimwa kwa wastani wa mtihani pekee itashawishika kumzuia mwanafunzi dhaifu asiufanye mtihani huo. Tarakimu itapanda, na anayeisoma ofisini atafurahi. Mrejesho umefika, taasisi imeuitikia, na mtoto amebaki nyuma ya mlango.

Narudi kwenye fomu zetu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na likapendekeza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Idara zinazoandaa walimu wa Kiswahili, katika vyuo vyote, zina kila sababu ya kutaka kujua kama wahitimu wao wanaweza kusimama mbele ya darasa la watoto wasiojua hata salamu. Wanaojua ni wahitimu wenyewe, mwaka wao wa kwanza kazini, na walimu wakuu waliowapokea. Fomu ya mwisho wa muhula haiwaulizi hao. Humuuliza mwanafunzi ambaye bado hajafundisha, kwa kipimo cha 1 hadi 5, kama mhadhiri ni mahiri. Naye, akiwa bado anasubiri alama zake, huandika 4.

Mwenzangu mmoja, katika chuo ambacho sitakitaja, alikuwa akifundisha sarufi ya Kiswahili na kutathminiwa kwa fomu ya Kiingereza. Kila muhula alipata wastani wa 4 na kidogo, na kila muhula hakujua afanye nini na hiyo 4 na kidogo. Siku moja, katikati ya muhula na si mwisho, aligawa vipande vya karatasi visivyo na jina akauliza swali moja kwa Kiswahili: ni kitu gani kimoja nikibadilishe kuanzia wiki ijayo? Alitegemea kusikia kuhusu ngeli, au kuhusu vitabu kutotosha maktabani. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba anafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili.

Wiki iliyofuata aliwasomea majibu yao kwa sauti, yote, pamoja na lile lililosema kwamba mizaha yake haichekeshi. Akaahidi kuuacha ubao. Akauacha. Baada ya wiki tatu aligawa vipande vya karatasi tena, na safari hii waliandika kwamba, sasa wanapopata muda wa kuutazama ubao vizuri, wameona kwamba mwandiko wake hausomeki.